Hodi Isiyoitikiwa: Ishara, Ajali za Reli na Lugha Tunayozisimulia

Ikisiri

Makala haya yanazitazama ajali za treni kama mawasiliano yaliyokatika. Yanaanzia Voi, mji wa reli katika Kaunti ya Taita Taveta, kisha yanalinganisha matukio manne: Quintinshill (1915), Harrow (1952), Ngai Ndethya (1993) na Igandu (2002). Hoja kuu ni kwamba usalama wa reli hutegemea ujumbe unaodai jibu, na kwamba maneno tunayoyatumia kusimulia ajali ndiyo yanayoamua kama tutapatafuta mahali ujumbe ulipokatika au tutaishia kulia na kuzika.

1.0 Utangulizi

Reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kupita Voi ilipofika Mto Tsavo mwaka 1898, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walianza kutandika tawi la kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau. Mwaka uliofuata tawi hilo lilipita Taveta na kuunganishwa na reli ya Wajerumani ya upande wa Moshi. Hivyo Voi ikawa njia panda: reli ya Mombasa, ya Nairobi na ya Taveta zilikutana hapo. Makaburi ya wanajeshi yaliyoko Voi, Maktau na Taveta yanatukumbusha sababu ya tawi hilo kujengwa. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya kisasa ilizinduliwa, nayo pia ina stesheni Voi.

Mji wa namna hii ni mahali pafaapo kuuliza swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani halimhusu: treni mbili hugonganaje? Mhandisi atajibu kwa hesabu za mwendo na breki. Sisi tutajibu kwa upande wetu, kwa kuwa kabla chuma hakijagonga chuma, kwa kawaida kuna ujumbe ambao haukufika, haukueleweka, ulisahauliwa, au haukuwahi kutumwa. Jambo hilo ni la lugha, na liko ndani ya uwanja wetu.

2.0 Reli kama mazungumzo

Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba ishara ina sehemu mbili: kiashiria na kiashiriwa. Uhusiano baina yake ni wa makubaliano. Hakuna kitu ndani ya rangi nyekundu kinachoweza kusimamisha treni. Nyekundu husimamisha kwa sababu wanajamii wa reli wamekubaliana hivyo, kama vile wasemaji wa Kiswahili walivyokubaliana kwamba sauti za neno "maji" zimrejeshe msikilizaji kwenye kile anywacho.

Ishara hizo ni tofauti na zile tunazozisoma katika mazingira. Methali yasema dalili ya mvua ni mawingu. Wingu halina nia ya kutuambia lolote, nasi ndio tunaolisoma. Taa ya reli ina mtumaji, ina mlengwa, na ina agizo. Roman Jakobson, katika makala yake maarufu ya mwaka 1960, alitaja vijenzi sita vya mawasiliano: mtumaji, mpokeaji, ujumbe, muktadha, msimbo na mkondo. Kila kimojawapo kikiharibika, mawasiliano hulegea. Jakobson alitaja pia dhima ya lugha inayohusu mkondo wenyewe, yaani pale tunaposema "haloo, wanisikia?" bila nia ya kutoa habari, ila kuhakikisha kwamba njia iko wazi.

Waswahili wanalo neno linaloifanya kazi hiyo kwa namna ya kupendeza: hodi. Mgeni hafungui mlango wa mtu na kuingia. Hubisha, husema "hodi", akasubiri. Akiitikiwa "karibu" ndipo huingia. Asipoitikiwa hurudia, na akibisha mara ya tatu bila jibu huondoka. Kimya si ruhusa. Hapa ndipo penye kiini cha adabu hiyo: mlango hubaki umefungwa mpaka mwenyeji aseme.

Reli ya njia moja hufuata adabu iyo hiyo. Reli ya zamani ya kipimo cha mita inayopita Voi ni njia moja kwa sehemu yake kubwa, na treni mbili zinazoelekeana hupishana stesheni tu, ambako kuna njia ya pembeni. Kwa hiyo kila kipande cha reli kati ya stesheni na stesheni ni kama chumba chenye milango miwili. Katika mpangilio wa kawaida wa njia moja, mkuu wa stesheni hupiga hodi kwa mwenzake wa stesheni ya mbele: je, njia ni nyeupe? Mwenzake akiitikia, dereva hupewa ruhusa anayoweza kuishika mkononi, ama kwa maandishi, ama kwa tokeni ya chuma inayotolewa na mtambo. Kwa kipande kimoja cha njia, mitambo haitoi tokeni ya pili mpaka ile ya kwanza irudishwe. Dereva asiye na kitu mkononi hana ruhusa, hata kama anaona mbele kweupe.

Waliobuni utaratibu huo waliijua tabia ya binadamu. Walijua kwamba sikio husahau na jicho husinzia, wakaongeza takriri: ujumbe husemwa, hurudiwa na aliyeupokea, huandikwa daftarini, kisha hugeuzwa kuwa kitu kinachoshikika. Katika ushairi tunaisifu takriri kwa mdundo na msisitizo wake. Katika reli takriri huokoa roho.

3.0 Namna nne za kukatika kwa mazungumzo

Tukiichukulia reli kuwa mazungumzo, tunaweza kuzigawa ajali kulingana na mahali yalipokatika. Mifano miwili ya kwanza imetoka Uingereza, kwa sababu ndiko yalikotokea matukio mawili makubwa yaliyochunguzwa kwa kina kuhusu ishara zilizopuuzwa au kusahauliwa. Miwili inayofuata ni ya kwetu Afrika Mashariki.

3.1 Ujumbe uliotumwa usipokewe: Harrow, 1952

Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 1952, treni ya abiria wa karibu ilikuwa imesimama katika stesheni ya Harrow and Wealdstone, kaskazini-magharibi mwa London. Treni ya usiku iliyotoka Perth, Scotland, ilipita ishara ya tahadhari, kisha ikapita ishara mbili za kusimama, ikaigonga ile iliyosimama. Muda mfupi baadaye treni ya tatu, iliyotoka upande wa pili kwa kasi, ikayavaa mabaki ya zile mbili. Watu 112 walikufa na wapatao 340 kujeruhiwa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba ishara zilikuwa zikifanya kazi sawasawa. Mtumaji alisema, na msimbo ulikuwa ule ule uliojulikana. Mpokeaji hakupokea, na sababu haikujulikana kamwe kwa kuwa dereva na mchochea makaa wake walikufa pale pale. Mwenye macho haambiwi tazama, yasema methali. Harrow ilionyesha kwamba mwenye macho naye huhitaji kuambiwa.

Jibu lililofuata lina funzo kwetu. Ajali hiyo iliharakisha uenezaji wa mtambo wa kuonya ndani ya chumba cha dereva. Njia ikiwa nyeupe, kengele hulia. Kukiwa na tahadhari, honi hulia, na dereva sharti abonyeze kitufe kuthibitisha kwamba amesikia. Asipobonyeza, breki hujifunga. Kwa maneno yetu, ishara iliyokuwa ikisema peke yake gizani iligeuzwa kuwa hodi, na kimya kikaacha kuwa ruhusa.

3.2 Ujumbe uliopokewa ukasahauliwa: Quintinshill, 1915

Mwaka ule ule ambao reli ya kijeshi ilianza kutandikwa kutoka Voi, vita vile vile vilipeleka wanajeshi kwa treni kote Uingereza. Tarehe 22 Mei 1915, huko Quintinshill karibu na Gretna, Scotland, treni ndogo ya abiria ilihamishiwa kwenye njia ya upande wa pili ili ipishe treni ya kasi. Mfanyakazi wa chumba cha ishara aliyeshika zamu asubuhi hiyo alikuwa amefika kazini ndani ya treni hiyo hiyo. Alikuwa akinakili daftarini habari za treni zilizopita kabla hajafika, akaisahau ile iliyosimama chini ya dirisha lake. Aliikubali treni ya wanajeshi na kuifungulia ishara. Ikagonga. Kisha treni ya kasi ikagonga mabaki, na moto ukawaka. Waliokufa walikuwa zaidi ya 200, wengi wao wanajeshi wa kikosi cha Royal Scots waliokuwa safarini kwenda vitani.

Mhakiki wa lugha atavutiwa na jambo moja dogo. Kanuni ilimtaka mfanyakazi wa treni iliyosimama aende chumbani kukumbusha kwamba treni yake ipo njiani. Mchochea makaa alikwenda, akatia saini daftarini, akaondoka. Hakuhakikisha kwamba kile kizuizi kinachowekwa kwenye mtaimbo wa ishara kimewekwa. Saini ilikuwapo, maana haikuwapo. Kiashiria kilibaki bila kiashiriwa, kama salamu ya "hujambo" inayojibiwa "sijambo" na mtu anayeugulia moyoni. Wafanyakazi wawili wa chumba cha ishara walifungwa gerezani.

3.3 Ujumbe usioweza kutiiwa: Igandu, 2002

Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria yenye zaidi ya watu 1,200 ilikuwa ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma, katika Reli ya Kati ya Tanzania. Ilipata hitilafu ya breki, ikaanza kurudi nyuma kwa kasi iliyozidi kuongezeka, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Ni miongoni mwa ajali mbaya kabisa za reli katika historia ya Afrika.

Hapa hatuwezi kulaumu jicho la dereva. Taa nyekundu, bendera nyekundu, hata sauti ya maelfu ya abiria, hazina nguvu mbele ya treni isiyo na breki. Wanafalsafa wa lugha husema kwamba agizo hufaulu iwapo anayeagizwa ana uwezo wa kulitekeleza. "Simama" ni neno tupu kwa asiyeweza kusimama. Kwa hiyo swali la ishara hurudi nyuma, kwenye karakana na kwenye ukaguzi wa kabla ya safari, ambako breki zenyewe hutakiwa kuulizwa na kujibu.

3.4 Ujumbe usiokuwa na mjumbe: Ngai Ndethya, 1993

Mwishoni mwa Januari 1993, baada ya mvua kubwa, treni ya abiria ya njia ya Nairobi na Mombasa ilitumbukia katika mto Ngai Ndethya, kaskazini-magharibi mwa Voi, kwenye reli iyo hiyo inayopita mjini humo. Mafuriko yalikuwa yameliharibu daraja. Zaidi ya watu 100 walikufa. Jina la mto huo ni la Kikamba, na maana yake ni "Mungu nisaidie".

Huu haukuwa mgongano wa treni mbili, lakini unakamilisha orodha yetu. Kati ya stesheni na stesheni hapakuwa na treni nyingine, hivyo kwa mujibu wa mazungumzo ya kawaida ya reli njia ilikuwa nyeupe. Swali la hodi huuliza kama chumbani mna mtu. Haliulizi kama chumba kingali na sakafu. Mto ulikuwa ukisema kwa ishara zake za asili, kwa maji mengi na kwa ngurumo, na dalili ya mvua ilikuwa imekwisha kuonekana. Kilichokosekana ni mtu au mtambo wa kuitafsiri ishara hiyo ya asili kuwa ishara ya reli, yaani kuyageuza maji mengi kuwa taa nyekundu.

4.0 Neno "ajali" na kauli ya kutendeka

Tumezitazama ishara. Sasa tuitazame lugha ambayo kwayo matukio haya hutufikia.

Neno "ajali" limetoka katika Kiarabu, ambako "ajal" ni muda uliowekwa, hasa kikomo cha uhai. Maana hiyo imo pia katika Kiswahili: tunaposema ajali ya fulani imefika, twamaanisha siku zake zimetimia. Kwa hiyo neno lile lile tunaloliandika katika taarifa ya polisi linabeba ndani yake fundisho la majaliwa. Methali "ajali haina kinga" hupata nguvu kutoka kwenye maana hiyo ya kale. Kwa mfiwa, neno hili ni faraja, na si kazi ya mwanaisimu kumnyang'anya mfiwa faraja. Shida huanza pale neno la matangani linapohamia katika chumba cha uchunguzi. Kama ajali haina kinga, kitufe cha Harrow kilibuniwa kwa ajili gani?

Sarufi nayo hushiriki. Msikilizaji wa habari za Kiswahili amezoea sentensi hizi: "gari lilipoteza mwelekeo", "breki zilikatika", "daraja lilibomoka". Tulinganishe:

(a) Mafuriko yalibomoa daraja.
(b) Daraja lilibomolewa na mafuriko.
(c) Daraja lilibomoka.

Sentensi (a) ina mtenda. Sentensi (b) iko katika kauli ya kutendwa, na mtenda angali ana nafasi yake baada ya "na". Sentensi (c) iko katika kauli ya kutendeka, ambayo haimpi mtenda nafasi yoyote. Hatusemi "daraja lilibomoka na mafuriko" tukimaanisha kwamba mafuriko ndiyo yaliyobomoa. Aidha, hata (a) na (b) zinaishia kwenye maji. Mtu aliyepaswa kulikagua daraja hayumo katika sentensi yoyote kati ya hizo tatu.

Hatudai kwamba kauli ya kutendeka ni ya uongo. Saa ya kwanza baada ya tukio, mwandishi hajui nani alifanya nini, na "breki zilikatika" huweza kuwa ndiyo kauli ya uaminifu kuliko zote. Hatari iko katika kuiacha sentensi hiyo iwe ya mwisho. Mwaka mmoja baadaye, uchunguzi ukiwa umekamilika, kitenzi nacho kinapaswa kubadilika.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Kauli "ni kosa la dereva" ina mtenda, na huonekana kuwa ya kijasiri kuliko "ilikuwa ajali". Lakini nayo huweza kufunga mlango mapema. Lau Waingereza wangeishia hapo mwaka 1952, mtu wa kulaumiwa angekuwa marehemu, na madereva waliobaki wangeendelea kutegemea macho matupu. Walipouliza kwa nini ishara inaweza kupitwa bila mtu kushtuka, walipata jibu la kufanyia kazi. Basi sentensi ya uchunguzi ina mtenda, na ina pia mazingira yaliyomfanya mtenda akosee bila kuzuiwa.

5.0 Simba na abiria: swali la kumbukumbu

Kwa wasomaji wengi duniani, reli ya eneo la Tsavo ni hadithi ya simba wawili walioshambulia wajenzi mwaka 1898. John Henry Patterson, aliyewaua, alichapisha kitabu mwaka 1907, na simba hao sasa wako katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Filamu ilitengenezwa mwaka 1996. Patterson aliwahi kutaja idadi ya watu 135 walioliwa, ilhali utafiti wa kisayansi wa mwaka 2009 ulikadiria wapatao 35. Kuna hata stesheni iliyopewa jina la wala watu hao.

Waliokufa Ngai Ndethya mwaka 1993 ni wengi kuliko makadirio hayo ya kisayansi, na mwezi Machi 1999 treni nyingine ya abiria iliacha reli katika eneo la Tsavo na kuua zaidi ya watu 30. Ni wanafunzi wangapi wa fasihi wanaoweza kuyasimulia matukio haya kama wanavyoweza kuwasimulia simba? Simba ni mhusika tayari: ana meno, ana macho, huja usiku. Daraja lisilokaguliwa halina sura ya mhusika. Fasihi hupenda mtenda anayeonekana, nayo kauli ya kutendeka haizai mhusika. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kumbukumbu ya simba kudumu, na ya abiria kufifia.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Harrow, Quintinshill, Igandu na Ngai Ndethya zinatofautiana kwa mahali mazungumzo yalipokatika: kwa mpokeaji, katika kumbukumbu, katika uwezo wa kutii, na katika ukosefu wa mjumbe. Kila moja ilihitaji kinga yake, na kwa hiyo neno moja la "ajali" halitoshi kuzieleza zote. Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili, hasa wanaotoka Taita Taveta na Pwani, wakusanye masimulizi na msamiati wa wafanyakazi wastaafu wa reli. Safari za abiria katika reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi zilikoma mwaka 2017, na lugha iliyozaliwa humo, ya bendera, taa, filimbi na tokeni, itakwenda na wenyewe isipoandikwa mapema.

Pili, walimu wa uandishi wa habari kwa Kiswahili wafundishe tofauti ya kauli ya kutendwa na ya kutendeka kama suala la uwajibikaji, pamoja na kuwa suala la mofolojia. Mwanafunzi apewe habari ya ajali, aulizwe: ni nani hayumo katika sentensi hii?

Tatu, tunapobuni istilahi za usalama wa usafiri, tutumie hazina tuliyo nayo. Mtoto wa Voi anayevuka reli kwenda shule anaijua hodi tangu utotoni. Akifundishwa kwamba reli ni mlango wa mwenyewe, kwamba hupigiwa hodi kwa kusimama, kutazama pande zote mbili na kusikiliza, na kwamba kimya si karibu, atakuwa amefundishwa kwa lugha yake kanuni ile ile ambayo Uingereza iliilipia kwa roho 112.